Wanyama Wadogo wa Pwani na Uwindaji Wao

Mtu akitaja uwindaji mbele ya wageni, mara mawazo yao huenda kwa tembo, simba na nyati. Wageni hao hupita hapa kwetu Bagamoyo wakielekea Saadani, ambayo tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa, nao hurudi wakifurahia picha za twiga waliowaona karibu na bahari. Mimi siwalaumu. Lakini sisi tuliozaliwa katika vijiji vya huku, baina ya mto Ruvu na mto Wami, twajua ya kuwa nyama iliyolisha nyumba zetu tangu zamani ilikuwa nyama ya kanga, ya kwale, ya sungura, ya ndezi na ya paa. Wanyama ambao mtu mmoja aweza kuwatia begani akarudi nao kabla ya jua kuwa kali. Habari za hao ndizo nipendazo kuwaandikieni, wasomaji, na katika hao nitawaambia ni yupi nimpendaye kuliko wenziwe.

Kwanza yafaa nijieleze. Mimi ni mwalimu, umri wangu ni miaka thelathini na sita, nami nalisomeshwa na mapadre tangu darasa la kwanza hata chuo cha ualimu. Walakini kabla ya kushika chaki nalishika kamba ya mbwa wa babu yangu, mzee wa Kikwere, ambaye kijiji kizima kilimwita msasi. Siku hizi vijana husema mwindaji tu, bali pwani na Unguja wazee wangali wakilitumia neno lile, na methali yasema, Msasi haogopi mwiba. Mambo nitakayoeleza juu ya nyavu na mbwa ni ya wakati ule nilipokuwa mtoto nikifuatana naye. Leo kila mtu ajue ya kuwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yamhesabu mnyama wa mwituni kuwa mali ya umma, na asiye na kibali haruhusiwi kumwinda, hata akiwa mdogo kama sungura. Tena mitego ya vitanzi, mashimo, moto na mbwa vimekatazwa. Amri za namna hii si ngeni kwetu. Mwaka 1896, zamani za Wadachi, Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri iliyowataka wawindaji wawe na kibali. Waingereza wakatunga yao mwaka 1921 na nyingine mwaka 1951. Na baada ya uhuru ikaja sheria ya mwaka 1974. Babu alikuwa akisema, serikali hubadilika, ila kanga habadiliki.

Basi nianze na kanga, maana huyu hakuna asiyemjua. Manyoya yake ni ya kijivu cheusi yenye madoadoa meupe, na watu husema ya kuwa nguo za kanga wavaazo mama zetu zilipewa jina lake kwa ajili ya madoa hayo. Kichwa hakina manyoya, juu yake pana kipembe cha mfupa. Hutembea makundi asubuhi na jioni, wakiparua ardhi kutafuta mbegu, mchwa na panzi, na usiku hupanda mtini kulala. Mkulima humnung'unikia anapofukua mahindi yaliyopandwa jana, lakini husahau kumshukuru kwa wadudu awalao.

Kanga huitegemea miguu yake kuliko mabawa. Mtu asiyemjua humngojea aruke, akapoteza wakati kwa kutazama juu, kumbe kanga amenyosha shingo, ameinama, anakimbia chini ya majani kama mtu aliyeiba. Huruka pale tu abanwapo sana, na akiruka haendi mbali. Kwa sababu hiyo babu alitega wavu wa kamba za katani, mfupi usiozidi goti, akauvuta kati ya majani na kichaka. Nasi watoto tukatumwa upande wa pili tuje polepole. Kupiga kelele kulikatazwa kabisa. Tuliruhusiwa kukohoa tu. Kelele, alisema, humrusha kanga, bali kikohozi humfanya aondoke kwa miguu, akidhani ana nafasi. Kwa muda wa miaka yote niliyofuatana naye sikuona jambo hili likishindwa, illa siku za upepo mkali, ambapo kanga hasikii vema naye hushtuka kwa kila kitu.

Wavu ulikuwa na faida nyingine, nayo ni ya pwani hasa. Babu alikuwa Mkristo, na jirani zake walio wengi ni Waislamu. Hakwenda kuwinda bila rafiki yake mmoja Mwislamu, na kanga aliyenaswa hai katika wavu alichinjwa na rafiki huyo kwa kisu chake. Aliyepigwa kwa gobori aghalabu hufa kabla ya kisu kumfikia, na nyama hiyo isingaliliwa ila nyumbani kwetu tu. Kula kanga peke yako hali jirani anasikia harufu ya tui lake ni aibu. Tena nyama yake ni ngumu, hasa ya jogoo mzee: sharti ichemshwe kwanza pamoja na kipande cha papai bichi hata ilainike, ndipo ikaangwe kidogo na kutiwa tui na ndimu. Mtu mwenye haraka apike dagaa.

Mayai yake hutaga chini, katika kishimo kidogo kilichofichwa na majani, nayo yana maganda magumu ajabu. Kiota kimoja chaweza kuwa na mayai ya majike mawili au zaidi. Babu alitukataza kutia mkono kiotoni. Alitoa mayai kwa upawa, akaacha sita, akisema kanga akisikia harufu ya mkono wa mtu huhama. Vitabu nilivyosoma havikubali, vyasema pua ya ndege wa namna hii si kali hivyo. Lakini naona upawa ulikuwa na kazi yake, maana watoto wanne wenye upawa mmoja hawawezi kuchukua mayai yote kwa mara moja wakagombana. Wazee wana na methali, Kanga hazai ugenini.

Katika misitu minene kama Zaraninge yuko ndugu yake, kororo, mweusi zaidi, mwenye kishungi cha manyoya yaliyojikunja kichwani. Huyu hapendi kutoka kivulini, nami nimemwona mara chache.

Kwale na njiwa sitakawia kwao. Kwale mwenye shingo nyekundu, ambaye wengine humwita kereng'ende kama yule mdudu arukaye juu ya maji, hulia alfajiri na jioni kwa sauti ya kukwaruza, hivi kwamba kumjua alipo si kazi. Kazi ni kumwona. Njiwa, tetere, pugi na ninga ni wa watoto wadogo, ambao huwanasa kwa ulimbo wa utomvu wa mfenesi au huwapiga kwa manati. Huo nauita mchezo, siuiti uwindaji. Hapa napenda kutaja jambo moja. Padre Charles Sacleux, wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyefanya kazi Unguja na Bagamoyo katika karne ya kumi na tisa, alikusanya majina mengi ya miti, ndege na wanyama, akayatia katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapwa Paris mwaka 1939. Nikiifungua kamusi ile naona maneno mengi ambayo wanafunzi wangu hawayajui, na hawayajui kwa sababu wenye majina hayo hawajawaona.

Sungura sifa zake zimeuzidi mwili wake. Tangu utotoni twasikia jinsi alivyomdanganya simba na fisi, na jinsi alivyoyasingizia matunda ubichi alipoyakosa. Huyu wetu wa porini hachimbi shimo. Hulala juu ya ardhi katika kilalo kidogo chini ya majani, masikio yamelazwa mgongoni, na aweza kukuacha upite hatua mbili karibu naye asijitikise. Watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, tayari kujificha. Kumbe wale tuwafugao vizimbani, ambao asili yao ni Ulaya, huzaliwa uchi na vipofu. Nawaeleza wanafunzi hivyo kila mwaka, na kila mwaka wapo wasiosadiki. Akifukuzwa hupinda kushoto, akapinda kulia, mbwa akapita kwa kishindo na kurudi ameona haya. Babu alimpenda sungura kwa kumtazama mbwa wake akishindwa, wala hakuhuzunika, kwa kuwa nyama yake ni kavu isiyo na mafuta.

Siku hizi vijana huenda usiku kwa pikipiki na taa kali. Sungura akipigwa na mwanga machoni huduwaa palepale, naye kijana hushuka akampiga fimbo kama mtu apigaye gunia. Mimi naona ni uvivu wenye petroli. Hila zote za sungura ni za majani na kivuli, na pale kwenye mwanga hana hata moja.

Kabla sijafika kwa nimpendaye, nimtaje panyabuku kwa ufupi. Ni mkubwa kama paka mdogo, mkia nusu yake mweupe, naye hujaza chakula mashavuni akakipeleka shimoni. Watoto humfukua au humtilia moshi. Wako wamlao na wako wamkataao. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika liitwalo APOPO limekuwa tangu mwaka 2000 likiwafundisha panyabuku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye kunusa kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania, alipelekwa Kambodia akavumbua mabomu zaidi ya 70. Mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na chama kimoja cha Uingereza, naye akafa kwa uzee Januari 2022. Tangu niwasomee habari hii darasani, wapo waliokataa kumla tena. Mmoja aliuliza kama pamoja na nishani alipewa na mshahara.

Sasa ndezi. Huyu ndiye nimpendaye. Mgeni akimwona husema ni panya mkubwa, lakini wataalamu wasema yu karibu na nungunungu kuliko na panya wa nyumbani. Ana kichwa kipana, masikio mafupi, manyoya magumu kama brashi ya viatu, na meno ya mbele yenye rangi ya chungwa na mifereji midogo. Dume aliyekomaa aweza kufika kilo sita, hata zaidi. Makao yake ni penye maji na majani marefu: matete ya bonde la Ruvu, mashamba ya mpunga, na hasa miwa. Tangu mashamba makubwa ya miwa yalipolimwa upande wa Makurunge, nadhani ndezi wa huku huona kama wamefunguliwa ghala.

Kumwinda ndezi ni kusoma. Yeye hutoka usiku, na mchana hujificha katikati ya majani mazito, basi wewe humwoni. Waona maandishi yake tu. Kwanza huona njia zake, ambazo ni kama mifereji iliyopitishwa chini ya majani. Kisha huona vipande vya mashina vilivyokatwa kwa mshazari, safi kama kwa panga kali, vimelala chungu chungu. Babu aliokota kipande, akakitia ulimini. Kama utomvu ungali mbichi, ndezi amekula alfajiri hiyo naye yu karibu. Kama ncha imegeuka rangi ya hudhurungi, amekula jana, na yamkini amehamia upande wa pili wa mfereji. Alitazama na urefu wa kipande, kwa kuwa mkubwa na mdogo hawakati sawa. Mimi nalijifunza kusoma Kiswahili kwa mapadre na kusoma matete kwa babu, na mwalimu aliyekuwa mkali zaidi alikuwa babu.

Ukikaribia, ndezi hupiga ardhi kwa miguu ya nyuma, au hupiga mluzi mwembamba, ndipo kimya. Hapo asiyejua hukimbilia palipolia. Ajuaye husimama, kwa maana ndezi hukimbia kidogo, akasimama kusikiliza, akakimbia tena. Naye aghalabu huelekea majini, kwa sababu aogelea vema sana. Nyavu huwekwa upande wa maji, watu wawili upande wa nchi kavu, na mbwa sharti awe asiyebweka ovyo. Ukimkamata, usimshike mkia, maana mkia hukatika upesi na ngozi yake huchanika, ukabaki na kipande mkononi naye amekwenda zake. Kwa hesabu yangu, katika safari tatu ndezi alitushinda mara mbili.

Wako wawindao ndezi kwa kuchoma matete. Babu hakukubali kabisa. Moto, pamoja na huyo ndezi mmoja, hula kobe, mayai ya kwale na vifaranga, tena huwafukuza nyoka wakaja nyumbani. Na upepo wa kaskazi ukivuma, moto ulioanzia bondeni kwa ajili ya mchuzi wa mtu mmoja huishia msituni.

Miaka mitatu iliyopita ndezi waliingia katika mpunga wa kijiji ninachofundisha. Walilaza chini robo eka kwa usiku mbili. Wazee wakapeleka habari kwa ofisa wa wanyamapori wa wilaya, akaja mwenyewe na ruhusa kwa maandishi, tukatafuta watu wanaojua kazi hii, tukapatikana wanne tu, mimi mmojawapo. Katika kijiji chenye vijana tele! Tulikamata saba kwa siku mbili. Mwenye shamba alipewa wa kwanza, ndiyo desturi, na waliobaki wakagawanywa nyumba kwa nyumba. Baadhi ya jirani Waislamu walikataa wakimhesabu kuwa panya, wengine wakasema mla majani hana kosa. Tukawaacha na mashauri yao, na vipande vyao vikapata wenyewe.

Huko Ghana na Benin watu humfuga ndezi katika vizimba, wakamlisha mabingobingo na mihogo, na nyama yake huuzwa ghali kuliko ya ng'ombe. Lakini wasomaji wasidhani kwamba kwa kuwa anaitwa panya basi anazaa kama panya. Jike huchukua mimba miezi mitano, na kwa kawaida huzaa wanne hivi. Ukiwakamata wote wa bonde moja, bonde hilo litakaa kimya muda mrefu.

Paa nimemweka mwisho kwa sababu habari zake zimenitaabisha. Namtaja paa mdogo wa vichaka vya pwani, asiyefika goti la mtu mzima, mwenye uzito wa kilo nne hata sita. Kwa jina la kitaalamu huitwa Nesotragus moschatus, jina alilopewa mwaka 1846 kwa mnyama wa Unguja. Maana ya neno la kwanza ni mbuzi wa kisiwani, na la pili lataja harufu ya miski, ambayo hutoka katika tezi iliyo karibu na jicho lake. Wenzetu wa Unguja wana majina matatu kwa wanyama wa jamii hii: paa, paa nunga na chesi. Huku kwetu wengi husema paa tu, wakamaliza.

Paa hukaa wawili wawili, dume na jike, katika eneo dogo walijualo jani kwa jani. Hunya mahali pamoja, hupita njia ile ile kila jioni, kama karani aendaye ofisini. Tabia hii ndiyo iliyomwokoa na chui, kwa kuwa ajua kila tundu la kukimbilia. Na tabia hii hii ndiyo imuuayo kwa mtego.

Babu naye alitega paa. Alitumia kitanzi cha kamba ya nyuzi za mmea, kikavutwa na kijiti kilichopindwa, ambacho hufyuka mnyama akikanyaga. Kazi ya kusokota kamba ile ni ya siku nzima, kwa hiyo hakuwa na mitego zaidi ya minne, naye aliizungukia kila alfajiri kabla ya kunywa chai. Masika yakija kamba huoza, na mtego uliosahauliwa hujifia wenyewe. Sasa vijana hutumia waya wa breki ya baisikeli, au nyuzi za chuma zitokazo katika matairi yaliyochomwa. Waya hausokotwi, hauozi, na bei yake ni bure. Mtu mmoja aweza kutega arobaini kwa asubuhi moja, wala hahitaji kujua kitu chochote juu ya paa ila kwamba hupita hapo. Wazee walisema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, nao waliyasema hayo kabla hawajauona waya.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la sita alianza kukosa shule siku mbili kila juma. Si mtoto mjinga. Katika hesabu yu wa pili. Nikaenda kwao. Mama yake akanikaribisha mkekani, akanipa maji, tukaulizana hali, ndipo nikasema lililonileta. Baba yake mtoto alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na habari zake zimekatika. Wako watoto wengine watatu. Yule mama hakunificha. "Mwalimu," akasema, "waya umenilishia watoto. Daftari bado." Mimi ni mwalimu wa miaka kumi na miwili, nimejibu maswali ya wakaguzi na ya wazazi wakali, lakini kwa neno lile sikuwa na jibu la kumpa siku hiyo, nikashukuru kwa maji nikaondoka.

Jumamosi nalikwenda pamoja na mtoto kichakani, nyuma ya mashamba ya chumvi, anionyeshe. Njiani nalistaajabu, kwa kuwa alijua mengi. Alijua mahali pa kunya pa kila jozi ya paa. Alijua jike yupi ana mtoto. Angekuwa na babu yangu angekuwa msasi hodari. Tuliziondoa nyaya moja moja, nami nikazihesabu. Yeye alikumbuka kutega ishirini na sita, nasi tulikusanya thelathini na moja. Zile tano hazikuwa zake. Zilikuwa za kale, zimefunikwa na majani, zimefungwa na mtu aliyesahau, au aliyehama, au aliyekufa, nazo zilikuwa zingali zikifanya kazi. Katika mmoja palikuwa na sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, asiyetosha hata kijiko cha mchuzi. Katika mwingine palikuwa na mifupa mitupu ya paa, na pembe mbili nyembamba kama vidole vya mtoto. Mtoto aliziokota pembe akazitazama, asiseme kitu.

Nikamwuliza, "Paa walikuwa jozi ngapi ulipoanza?"

"Saba, Mwalimu."

"Na sasa?"

"Mbili. Nyingine zimehamia Saadani."

Nalimweleza ya kuwa paa hahami hivyo, kwamba yeye hushikamana na eneo lake hata likizungukwa na nyumba na tanuri za mkaa, na kwamba kutoka hapa hata Saadani kuna mto Wami wenye mamba. Alisikiliza kwa adabu. Lakini neno la mama yake lilikuwa likali masikioni mwangu, na sikuona haki kumwondolea mtu waya nikamwachia hotuba.

Kerege yuko mtu afugaye kanga, wale waliozaliwa mikononi mwa watu, nikanunua kwake mayai kumi na manne. Mama yule alikuwa na kuku mmoja aliyeatamia, tukamwekea. Kuku aliona ajabu, maana mayai yake mwenyewe huanguliwa kwa siku ishirini na moja, na haya yakachukua ishirini na saba. Ilibidi mtoto amtilie chakula karibu asije akachoka akaondoka. Wakaanguliwa tisa. Mwewe alichukua wawili, nguchiro mmoja, wakabaki sita. Wawili, majogoo, waliuzwa mjini Bagamoyo wakati wa sikukuu kwa bei iliyomshangaza mama, akanitumia salamu na kisahani cha vitumbua.

Wanne waliobaki walikataa banda. Jioni hupanda mwarobaini ulio uani, wakapiga kelele hata jirani hulalamika. Masika haya yaliyopita jike mmoja alipotea mchana mara kwa mara, na mtoto, ambaye siku hizi yu darasa la saba na hakosi shule illa akiugua, alimfuata kwa kunyemelea siku tatu kabla ya kugundua kiota chini ya mkorosho wa jirani. Yalikuwamo mayai kumi na moja. Alipokuja kunieleza nikamwuliza aliyatoaje. Akasema aliyatoa kwa upawa, akaacha sita. Mimi sikuwa nimemwambia hayo. Aliyasikia kwa bibi yake.